Vinamasi vya Chumvi na Bahari Inayopanda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akiambiwa bahari inapanda, huwaza beseni linalojaa: maji yanasogea juu, ardhi inakaa palepale, kilicho chini kinafunikwa. Kwa mwamba au kwa lami hesabu hiyo haina kasoro. Kwa kinamasi cha chumvi inapotosha, kwa sababu ardhi ya kinamasi nayo hupanda. Maswali mengi yaliyo hapa chini yanazunguka jambo hilo moja: inapandaje, hadi lini, na nini kinaizuia.

Kinamasi cha chumvi ni nini, na kina tofauti gani na mikoko?

Ni uwanda wa nyasi na mimea midogo ulio kati ya nchi kavu na bahari, unaofikiwa na maji yakijaa na kuachwa yakipwa. Huota mahali palipokingwa na mawimbi makali: ndani ya ghuba, kwenye midomo ya mito, nyuma ya visiwa vya mchanga. Kwa mbali unaonekana tambarare. Ukiingia ndani unakuta umekatwakatwa na mahori yanayopindapinda, na mahori hayo ndiyo mishipa yake, maana maji na tope hupitia humo.

Mikoko hufanya kazi inayofanana na hiyo, ila mikoko ni miti na baridi ya kugandisha huiua. Ndiyo maana vinamasi vya nyasi vimetawala pwani za nchi za baridi na za wastani: mashariki mwa Marekani, Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, sehemu za China, kusini mwa Australia. Vilivyokwisha kuchorwa kwenye ramani duniani vina eneo linalozidi kidogo kilomita za mraba 50,000.

Mimea yake ni ile michache inayoweza kuishi na chumvi. Nyasi za Spartina, kwa mfano, hutoa chumvi kupitia majani, na jani likikauka juani utaona chembe nyeupe zimeshikamana nalo. Kila mmea una kimo chake. Unaovumilia kufunikwa mara mbili kwa siku hukaa chini karibu na hori. Usiovumilia hukaa juu, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani siku ambazo maji hujaa kuliko kawaida. Tofauti ya kimo kati ya makundi hayo mawili mara nyingi ni ya sentimita tu, si mita.

Bahari ikipanda, si kinamasi kinafunikwa na kwisha?

Si lazima. Kinamasi hujijenga kwa njia mbili, na zote mbili huongezeka nguvu maji yanapozidi, mpaka kiwango fulani.

Njia ya kwanza ni tope. Maji yanayojaa huja yamebeba mashapo: udongo laini uliotoka mtoni, au uliokwanguliwa na mawimbi kwenye sakafu ya ghuba. Yakifika kwenye nyasi hupunguza mwendo, kwa sababu mashina maelfu kwa maelfu yanayakwamisha, na maji yaliyopunguza mwendo hayawezi kubeba mzigo. Tope hutua. Mahali palipo chini hufunikwa mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo hupata tope jingi zaidi. Mahali palipo juu hupata kidogo. Bahari ikipanda kidogo, uso mzima wa kinamasi unakuwa umeshuka ukilinganisha na maji, na mgao wake wa tope unaongezeka.

Njia ya pili iko chini ya ardhi. Mizizi hukua, hufa, na kwa kuwa udongo umejaa maji na hauna oksijeni, haiozi upesi. Inajazana mwaka baada ya mwaka na kuunyanyua uso kutoka chini. Kuna vinamasi ambavyo sehemu kubwa ya udongo wake ni mizizi ya zamani na mabaki ya mimea, na tope la mto ni haba sana humo.

Mwaka 2002 James Morris na wenzake walichapisha matokeo ya miaka mingi ya upimaji kwenye kinamasi cha North Inlet, South Carolina. Waligundua kwamba Spartina ina kina inachokipenda. Ikikaa juu mno, chumvi hukolea udongoni na nyasi hudumaa. Ikikaa chini mno, mizizi hukosa hewa. Katikati ndipo hustawi. Kwa hiyo kinamasi kilicho juu ya kina hicho kina akiba: bahari ikipanda, nyasi zinastawi zaidi, zinanasa tope zaidi, na uso unaikimbilia bahari. Kilicho chini ya kina hicho hakina akiba hiyo. Kila milimita inayoongezeka inaidhoofisha nyasi, nyasi dhaifu inanasa tope kidogo, na mambo yanakwenda mrama kwa kasi inayozidi.

Ndiyo maana vinamasi viwili vilivyo jirani, bahari ileile, vinaweza kuwa na hatima tofauti kabisa.

Bahari inapanda kwa kasi gani hasa?

Kwa hesabu ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) katika ripoti ya 2021, wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Kati ya 1901 na 1971 kasi ilikuwa milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ilifika milimita 3.7. Makadirio ya kufikia 2100, ukilinganisha na miaka ya 1995 hadi 2014, yanaanzia sentimita 28 hadi 55 kama utoaji wa hewa ukaa utapunguzwa sana, na yanafika sentimita 63 hadi 101 kama utabaki juu sana.

Lakini kinamasi hakiishi kwenye wastani wa dunia. Kinaishi mahali. Kama ardhi yenyewe inadidimia, kwa sababu ni delta changa inayojibana, au kwa sababu maji, mafuta au gesi vimevutwa kutoka chini yake, basi kwa nyasi bahari inapanda kwa kasi maradufu au zaidi. Pwani ya Louisiana ardhi inadidimia kwa wastani wa karibu milimita 9 kwa mwaka. Ongeza milimita za bahari juu ya hizo, ndipo upate hesabu ambayo mizizi inakabiliana nayo kila mwaka.

Kinamasi kinaweza kuvumilia kasi ya kiasi gani?

Hapa wataalamu wamevutana, na kwa maoni yangu mvutano huo umekuwa na faida.

Upande mmoja ulitazama vinamasi vya leo na kuona kwamba vingi vinapanda sawa na bahari au hata kuizidi. Wakasema tahadhari zilikuwa zimetiwa chumvi kupita kiasi, hasa kwa sababu mifano ya kompyuta ya awali ilikichukulia kinamasi kama ubao usiojijenga. Hoja hiyo ina mashiko.

Upande wa pili ulichimba. Chini ya pwani nyingi kuna tabaka za vinamasi vya kale, vilivyoishi wakati barafu kubwa za kaskazini zilipokuwa zikiyeyuka na bahari ikipanda mbio. Udongo huo ni daftari: tabaka la mizizi likifunikwa na tope tupu la bahari, maana yake kinamasi kilizama hapo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba bahari ilipopanda kwa milimita 7.1 kwa mwaka au zaidi, kinamasi kilikuwa na uwezekano mara 9 zaidi wa kurudi nyuma kuliko wa kupanuka. Katika delta ya Mississippi, utafiti wa 2020 uliotumia mamia ya sampuli za udongo ulikuta kwamba kasi inayozidi milimita 3 kwa mwaka ilitosha kuzamisha vinamasi ndani ya karne chache, na kasi ya milimita 6 hadi 9 ilivimaliza katika muda wa karibu miaka 50. Mwaka 2023 uchambuzi mpana zaidi, uliounganisha vipimo vya sasa na ushahidi wa kale wa vinamasi na mikoko, uliweka mstari wa hatari kwenye milimita 4 kwa mwaka na hatari kubwa sana kwenye milimita 7.

Nadhani pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli kuhusu vitu viwili tofauti. Kupanda vizuri leo, kwenye kasi ya milimita 3 au 4, hakuthibitishi chochote kuhusu milimita 7 au 8. Vinamasi tulivyonavyo vingi vimejengeka ndani ya miaka elfu chache iliyopita, baada ya bahari kupunguza mwendo. Havijawahi kujaribiwa na kasi kubwa. Vilivyojaribiwa ndivyo vile vilivyo chini ya tope.

Ukubwa wa kujaa na kupwa unabadilisha chochote?

Sana. Mahali ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya mita kadhaa, mimea ina ngazi ndefu ya kukalia, na bahari ikipanda sentimita 30 bado nyasi ziko ndani ya eneo lao. Mlango wa Severn, Uingereza, hufika hadi mita 14 hivi wakati wa bamvua kubwa, na maji yake ni mazito kwa tope. Mahali penye tofauti ya sentimita 30 tu, kama sehemu nyingi za Ghuba ya Mexico, ongezeko hilohilo linatosha kuimaliza ngazi yote.

Tope linatoka wapi, na kwa nini linapungua?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe kwanza. Watu huuliza bahari itapanda kiasi gani, wakasahau kuuliza tope liko wapi.

Sehemu kubwa ya tope la pwani hushuka na mito. Bwawa likijengwa juu ya mto, maji yaliyotulia nyuma ya ukuta huacha mzigo wao hapohapo, na yanayoendelea kuelekea baharini ni mepesi. Mashapo ya Mississippi yamepungua kwa takriban nusu tangu katikati ya karne ya 20, na mabwawa yaliyojengwa kwenye Missouri, mto unaouletea tope jingi, yana mchango mkubwa. Kisha matuta yaliyojengwa kandokando ya mto ili kuzuia mafuriko yakafunga njia ambayo tope lililobaki lingepitia kuingia kwenye vinamasi. Ongeza mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mafuta na gesi, iliyoingiza chumvi hadi ndani na kubadilisha mwendo wa maji. Kati ya 1932 na 2016 Louisiana ilipoteza zaidi ya kilomita za mraba 4,800 za ardhi ya pwani.

Kwenye jimbo hilohilo kuna mahali ardhi inazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ulichimbwa mfereji wa Wax Lake ili kupunguza mafuriko kwenye mji wa Morgan City. Hakuna aliyekusudia kujenga delta. Lakini maji ya mto Atchafalaya yalipitia humo na tope lake, yakalitua kwenye ghuba, na baada ya mafuriko makubwa ya 1973 visiwa vikatokeza juu ya maji. Leo vimeota mimea na vinaendelea kukua. Bahari ni moja, ardhi inadidimia kotekote. Kilichotofautiana ni kama mto uliachwa ufike.

Mambo yanaweza kwenda kinyume pia. Kaskazini mashariki mwa Marekani, walowezi walipokata misitu katika karne za 18 na 19, mvua ilisomba udongo wa mashamba hadi baharini, na baadhi ya vinamasi vilipanuka kwa kulishwa udongo huo. Misitu ikarudi, mabwawa yakajengwa, na chakula kikapungua. Kwa hiyo kinamasi kinachomomonyoka leo huenda kinarudi kwenye ukubwa kiliokuwa nao kabla ya shoka.

Watafiti wanajuaje kama uso unapanda milimita 2 au 3?

Kwa kifaa rahisi kuliko unavyodhani. Fimbo ya chuma hupigiliwa ardhini mpaka ikatae kushuka zaidi, wakati mwingine zaidi ya mita 20. Fimbo hiyo haisogei. Juu yake hufungwa mkono wa mlalo wenye vijiti 9 vinavyoteremshwa taratibu hadi viguse udongo, kisha urefu uliobaki juu ya mkono hupimwa. Mkono huzungushwa pande nne, na zinapatikana namba 36. Mtafiti hurudi baada ya miezi au mwaka, anapima palepale.

Pembeni yake humwagwa unga mweupe wa madini ya feldspa. Baada ya muda hukatwa kipande cha udongo na kupimwa tope lililotua juu ya mstari mweupe. Hapo ndipo mambo hunoga: mara nyingi tope lililoongezeka ni milimita 5, lakini uso umepanda milimita 3 tu. Zile 2 zimepotea kwa udongo kujibana na mizizi kuoza. Anayepima tope peke yake hujidanganya.

Mwaka mmoja wa vipimo haufai kitu, wala miaka mitatu. Mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6 hubadilisha kimo cha bamvua, dhoruba moja inaweza kuleta tope la miaka kadhaa, na ukame unaweza kuukausha udongo ukasinyaa.

Kama uso unapanda sawa na bahari, basi kinamasi kiko salama?

Hapana. Kinamasi hupotea pia kwa pembeni. Mawimbi hupiga ukingo, ukingo unachimbika chini, kipande kizima cha nyasi na udongo kinaporomoka. Hilo hutokea hata pale ambapo uso wa juu una afya kamili. Linakatisha tamaa kidogo, lakini ukingo unaoporomoka huachia tope, na sehemu ya tope hilo hubebwa na maji hadi juu ya kinamasi kilekile. Kinajilisha kwa mwili wake.

Je, kinaweza kuhama?

Ndiyo, na huenda hili ndilo tumaini kubwa zaidi. Bahari inapopanda, maji ya chumvi hufika kwenye ardhi iliyokuwa kavu. Miti midogo hushindwa kuota kwanza. Miti mikubwa hubaki imesimama miaka mingi bila vizazi, kisha hufa, na nyasi za chumvi huingia chini yake. Mashina makavu meupe yaliyosimama kwenye nyasi mbichi huitwa misitu ya mizimu, na jina limekaa. Kandokando ya ghuba ya Chesapeake, takriban kilomita za mraba 400 za nchi kavu zimegeuka kinamasi tangu katikati ya karne ya 19.

Lakini kuhama kunahitaji mahali pa kuhamia. Mteremko ukiwa mkali, kinamasi hakipati eneo. Kukiwa na ukuta, barabara au nyumba, kinabanwa: bahari inakula mbele, ukuta unazuia nyuma. Na ardhi inayogeuka kinamasi ni shamba la mtu, au msitu wa mtu. Mwenye shamba anayeona mahindi yake yakikauka kwa chumvi hawezi kushangilia kwamba mfumo wa ikolojia unajirekebisha, na sioni sababu ya kumtaka ashangilie.

Malango ya kuzuia mafuriko yanasaidia au yanadhuru?

Yanasaidia mji. Kinamasi kinaweza kudhurika. Mfano unaojulikana ni Venice, ambako malango ya MOSE yalifungwa kwa mara ya kwanza dhidi ya mafuriko Oktoba 2020. Ndani ya wangwa wake kuna vinamasi ambavyo wenyeji huviita *barene*. Utafiti uliofanywa huko ulionyesha kwamba siku chache za dhoruba ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya tope la mwaka mzima, kwa sababu ndizo siku maji yanapochafuka na kupanda juu ya nyasi. Ukifunga malango siku hizo, unaulinda uwanja wa Mtakatifu Marko na unavinyima vinamasi mlo wake. Mafuriko yaleyale yanayoonekana kama janga ni chakula upande wa pili.

Hewa ukaa ikiongezeka, si mimea itakua zaidi na kukiokoa kinamasi?

Baadhi hukua zaidi. Huko Maryland, kituo cha utafiti wa mazingira cha Smithsonian kimekuwa kikipuliza hewa ukaa ya ziada kwenye vipande vya kinamasi tangu 1987. Jaribio moja la huko lilikuta uso ukipanda karibu milimita 3.9 kwa mwaka zaidi ya vipande visivyopuliziwa, kwa sababu mizizi iliongezeka. Lakini walipoongeza naitrojeni, faida ilipungua. Na si nyasi zote zinazonufaika na hewa ukaa. Nyingi za jamii ya Spartina hazionyeshi tofauti kubwa.

Joto nalo lina kisa chake. Majira ya baridi yakipungua makali, mikoko husogea kuelekea kwenye vinamasi vya nyasi, kama inavyoonekana Florida, Texas na Australia. Kwa kimo cha ardhi si lazima iwe hasara. Kwa viumbe waliozoea nyasi ni nyumba nyingine.

Mbolea inayotiririka kutoka mashambani ina madhara gani?

Inadanganya macho. Kwenye Plum Island, Massachusetts, watafiti walitia virutubisho kwenye mahori kwa miaka 9. Nyasi zikarefuka, zikawa za kijani kibichi cha kupendeza. Chini, mizizi ilipungua, kwani mmea unaoletewa chakula mlangoni hauna haja ya kukitafuta, na vijidudu viliozesha mabaki haraka. Kingo za mahori zikapata nyufa, zikainama, zikaanguka. Matokeo yalichapishwa 2012, na tangu hapo sipimi afya ya kinamasi kwa urefu wa majani.

Wanyama wanaathirikaje kabla ya kinamasi kuzama?

Wapo wanaoisha mapema, kinamasi kikiwa bado kinapendeza. Shomoro wa vinamasi vya chumvi wa mashariki mwa Marekani hujenga kiota chake kwenye nyasi za juu, sentimita chache tu kutoka ardhini. Kutoka yai la kwanza hadi makinda kuondoka kunahitaji zaidi kidogo ya wiki tatu. Kati ya bamvua kubwa moja na nyingine, kwa mwezi mwandamo, kuna takriban wiki nne. Maisha yake yote yamejengwa ndani ya upenyo huo. Maji yakipanda sentimita chache, bamvua ndogo za katikati nazo zinafika kiotani, na makinda yanazama. Idadi yake imeshuka kwa takriban robo tatu tangu miaka ya 1990.

Ni kweli kwamba kinamasi hulinda pwani dhidi ya mawimbi?

Ni kweli, kwa kiasi. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Hannover, Ujerumani, ambako vipande vya kinamasi halisi vilipangwa ndani ya mfereji mkubwa wa maabara, ukanda wa mita 40, vikapigwa na mawimbi ya karibu mita moja. Mawimbi yalipungua, na hadi asilimia 60 ya upungufu huo ulitokana na mimea. Mashina mengi yalivunjika, lakini udongo haukuondoka. Dhoruba kubwa inayosukuma bahari nzima juu kwa mita kadhaa ni jambo jingine. Huko kinamasi lazima kiwe kipana sana ndipo kipunguze kitu.

Na kaboni iliyofukiwa ndani yake?

Udongo usio na oksijeni hutunza kaboni kwa karne nyingi, na salfeti ya maji ya bahari huzuia vijidudu vinavyotengeneza methani, tofauti na vinamasi vya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kinamasi kinachopanda na bahari huendelea kufukia. Kinachomomonyoka huachia kaboni iliyofukiwa na vizazi vya nyasi, na sehemu yake hurudi hewani.

Nini kinaweza kufanyika?

Kuna mambo matatu hivi, na hakuna la bei rahisi.

La kwanza ni kuvunja ukuta na kuiacha bahari iingie kwenye ardhi iliyotwaliwa zamani. Kinachowashangaza wengi ni kwamba ardhi iliyo nyuma ya ukuta huwa chini kuliko kinamasi kilicho nje. Kilicho nje kiliendelea kulishwa tope. Kilicho ndani kilikaushwa kikajibana. Ukivunja ukuta bila kuangalia kimo, unapata ziwa. Kwenye kisiwa cha Wallasea, Essex, walitatua hilo kwa kuleta zaidi ya tani milioni 3 za udongo uliochimbwa kwenye mahandaki ya reli ya Crossrail chini ya London, wakapandisha ardhi, kisha wakatoboa ukuta 2015. Huko Steart, karibu na mlango wa Severn, hawakuhitaji udongo wa kuletwa. Walifungua 2014 na bahari ikaleta tope yenyewe, kwa wingi.

La pili ni kunyunyiza tope juu ya nyasi, tabaka jembamba linalotokana na kuchimbwa kwa njia za meli, ili mimea iliyo chini ya kina chake irudishwe juu. Limefanyika Maryland, Rhode Island na California. Likizidi unene, nyasi hufa. Likiwa jembamba mno, umetumia fedha bure.

La tatu ni kurudisha mto. Louisiana ilianza 2023 kujenga njia ya kupitisha maji na tope la Mississippi kuelekea bonde la Barataria, mradi wa takriban dola bilioni 3. Wavuvi wa chaza na kamba waliupinga kwa kuwa maji baridi yangeharibu mavuno yao, gharama zikapanda, kesi zikafunguliwa, na Julai 2025 jimbo likaufuta. Naelewa hasira za wavuvi. Naelewa pia kwamba bila tope bonde hilo litaendelea kuzama.

Kwa nini tusipande nyasi tu?

Kwa sababu nyasi huota zenyewe kimo kikifaa, na hufa kimo kisipofaa. Pia uchaguzi wa mbegu una historia mbaya: Spartina ya Marekani ilipelekwa China 1979 ili ishike tope, ikalishika kweli, kisha ikatambaa juu ya sakafu za tope ambako ndege wahamaji hulisha, na sasa inang'olewa kwa gharama kubwa.

Nikisimama kwenye kinamasi, nitajuaje kama kinazama?

Nenda maji yakiwa yamepwa, siku chache baada ya bamvua. Tazama katikati, mbali na mahori. Kama kuna madimbwi yasiyokauka, na mengine yameanza kuungana, mizizi ya hapo imeshakufa na ardhi imeshuka. Kwenye hifadhi ya Blackwater, Maryland, ambako zaidi ya hekta 2,000 zimepotea tangu miaka ya 1930, sehemu kubwa ilipotea kwa mtindo huo, kutoka ndani kwenda nje. Kanyaga. Udongo wenye mizizi hai hukurudisha juu kama godoro. Uliooza humeza mguu. Angalia kama nyasi za chini, zile ndefu za kandokando ya hori, zimeanza kuota kule juu zilikokuwa fupi na laini. Hapo maji yamezidi unga, ingawa kijani bado kipo.

Kisha tembea upande wa bara hadi uione miti. Ukikuta ya mbele imekufa imesimama na nyasi za chumvi zimeizunguka, kinamasi kimeshaanza safari. Endelea kutembea na uhesabu hatua mpaka ufike kwenye ukuta, shamba au barabara ya kwanza.